Fundi picha mnayemjua amenifutia mama yangu

BintiWaMzee (mwenye uzi), saa 2:14 usiku

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimerukana mnivumilie.

Mnamjua. Yule wa pale chini, mwenye bango la bwana harusi asiye na masikio. Simtaji, hana haja ya kutajwa, nusu ya mji ana nyuso zao kwenye kompyuta yake.

Mama yangu alifariki 1997. Nyumba nzima imebaki picha yake moja, ya kitambulisho, nyeusi na nyeupe, kubwa kama stempu, kona moja imeliwa na mende. Mzee hana picha hata moja aliyokaa na mke wake. Mwaka huu katimiza miaka 80, sisi watoto tukachanga tumpe zawadi: yeye na mama, wamekaa pamoja, fremu ya inchi 16 kwa 20. Shilingi 45,000, nusu mbele.

Leo mchana tumekula pilau, majirani wamejaa uani, tukamfungulia. Mzee akaitazama. Akaisogeza mbali. Akaileta karibu. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, huyu mgeni ni nani?"

MGENI! Mke wake wa miaka 24! Aliyemzalia watoto sita! Mgeni!

Mama alikuwa mweusi tii. Fundi kaupachika uso wake kwenye mwili wa dada mmoja wa intaneti mwenye shingo ya maji ya kunde, na pale shingo inapokutana na kidevu pana mpaka unaoonekana kuliko ule wa Namanga. Kucha za yule dada ndefu kama vijiko vya chai, nyekundu, zimetua begani kwa Mzee. Mama yangu alikuwa analima! Kivuli cha pua ya Mzee kimelala kulia, cha mama hakipo kabisa, utadhani yeye na Mzee kila mmoja ana jua lake.

Hayo yote ningemeza. Mama alikuwa na mwanya. Kijiji kizima kilimjua kwa mwanya. Na kidoti hapa, chini ya mdomo, upande wa kushoto. Mwanya kauziba. Kidoti kakifuta. Nimemfuata jioni na fremu mkononi, ananijibu, "Dada, nilimsafisha. Halafu akina mama wa zamani wote wanafanana."

Wote wanafanana. Ndiyo maana mume wake kauliza mgeni ni nani.

Kisiki77, saa 2:21

Pole sana dada. Huyo jamaa mimi alinibandikia marehemu babu kwenye picha ya ukoo. Babu alikuwa mfupi kuliko wote, kwenye picha kawa mrefu kuliko mlango. Bibi akakataa isitundikwe, akasema mumewe hakuwahi kumwangalia kutoka juu.

Mtu_wa_Pwani, saa 2:23

45,000 na fremu juu, halafu unataka mama afufuke? Hata mwanya una bei yake.

BintiWaMzee, saa 2:25

@Mtu_wa_Pwani mwanya ulikuwepo kwenye picha! Sikumwomba auweke, nilimwomba asiuguse! Mzee amelala sasa hivi bila kula usiku. Fremu kaigeuza ikatazama ukuta.

Chengachenga, saa 2:34

Dada, nafanya kazi hii tangu enzi za filamu, naomba niseme kidogo. Kosa lilianza kabla hajawasha Photoshop, ile programu ya kuhariri picha. Kipicha kama hicho kinaskaniwa kwa nukta 1200 kwa inchi. Yeye najua alikipiga na simu chini ya taa, akajitumia kwa WhatsApp ikaminywa, uso ukabaki chembe chache, akauvuta mpaka ukawa uji. Pale ndipo mashine inapoanza kumbunia mtu sura.

Halafu uso unawekwa kwenye leya yake, yaani tabaka la peke yake juu ya picha, unafunikwa na maski, pazia linaloficha bila kufuta, unapita brashi laini kwenye taya na mstari wa nywele. Hukati kwa kifutio, maana ukifuta umefuta. Unalinganisha weusi na weupe kwanza, rangi baadaye. Picha ya zamani ina chengachenga zake, zile punjepunje za filamu, na mwili wa kamera ya leo unauongezea zilezile, la sivyo jicho linashtuka hata kama mtu hajui limeshtuka nini. Mwanga haudanganyiki: uso uliopigwa flashi ya mbele usiupeleke kwenye mwili uliopigwa jua la pembeni. Na kwa picha yenu, angeigeuza yote nyeusi na nyeupe, Mzee pia. Ile shingo isingewasumbua.

Kidoti hakiguswi. Brashi ya kuponya, ile ya kufuta kasoro kwenye kompyuta, ni ya mikwaruzo ya karatasi, mtu haponywi sura yake.

BintiWaMzee, saa 2:37

Mzee wangu @Chengachenga, nimesoma hapo kwenye kidoti nimelia upya. Yaani ilikuwa kugeuza tu nyeusi na nyeupe? Na huyu akakaa siku tisa anampaka mama yangu rangi ya chungwa? SIKU TISA, halafu baba yangu anauliza mgeni ni nani mbele ya majirani!

Profesa_wa_Kijiwe, saa 2:41

Mambo haya hayakuanza leo. Agosti 1989 jarida la TV Guide kule Marekani lilitoa jalada lenye kichwa cha mtangazaji Oprah Winfrey juu ya mwili wa mwigizaji Ann-Margret, bila kuwauliza wote wawili. Photoshop yenyewe ilianza kuuzwa Februari 1990. Aliyelishtukia lile jalada ni mshonaji wa gauni la Ann-Margret, kaliona gauni lake limevaliwa na mtu mwingine.

Mtu_wa_Pwani, saa 2:43

Kwa hiyo dada atafute mwenye zile kucha.

BintiWaMzee, saa 2:44

Sicheki.

MamaPacha, saa 2:50

Afadhali wewe ni fremu ya ukutani. Mimi nilipiga pasipoti kwa hao hao, wakaning'arisha mpaka nikawa mzungu wa Lushoto. Nafika dirishani, afisa anaangalia picha, ananiangalia, anasema mlete mwenye picha. Nikarudi foleni ya watu themanini.

Kisiki77, saa 2:52

@MamaPacha hahaha mlete mwenye picha! Wangu waliniazima koti la suti kwenye kompyuta. Koti lina mabega mawili ya kushoto.

BintiWaMzee, saa 2:55

Jamani, uzi ni wa mama yangu. Kuna anayejua fundi wa kweli? Kipicha ninacho, sijamwachia. @Chengachenga naomba nikuletee, nitalipa.

Suruali_Moja, saa 2:58

Mkigusa mambo ya koti mmenigusa. Nina fundi cherehani hapa mtaani, nilimpa kitambaa cha suti ya send-off ya mdogo wangu. Send-off imepita, harusi imepita, mtoto amezaliwa. Suti haina mkono mmoja.

MamaPacha, saa 3:01

Ni yule wa jirani na mashine ya kusaga? Mwenye redio?

Suruali_Moja, saa 3:02

Huyohuyo! Ukienda anakwambia "bado vifungo tu".

MamaPacha, saa 3:02

VIFUNGO! Mwezi wa nne huu ananiambia vifungo! Gauni langu halina vifungo!

Kisiki77, saa 3:04

Kesho asubuhi mnaenda saa ngapi? Ana suruali zangu mbili tangu Pasaka, twende wote.

Chengachenga, saa 3:10

@BintiWaMzee kilete Jumamosi, usikikunje, kiweke ndani ya daftari. Na mwulize Mzee mwanya ulikuwa na upana gani, maana kwenye kipicha kama stempu upana hauonekani vizuri.

Suruali_Moja, saa 3:11

Saa 1 asubuhi, kabla hajafungua redio.