Nyumba ya Chumbageni: kinanda kimegoma tena

Neema: Shikamooni wote. Kinanda cha Babu, ile piano, kimegoma. Nafanya mazoezi ya ibada ya kesho, vibonye tisa ukibonyeza vinazama, havirudi. Video hiyo hapo juu.

Mama Mdogo Anna: Marahaba mwanangu. Nilisema tangu mwaka jana kiuzwe. Kimekaa sebuleni kama jeneza.

Bibi: Nani jeneza

Mama Mdogo Anna: Shikamoo Mama, sikujua umeshaamka 🙈

Mjomba Elias: Neema, stoo kuna kopo la dawa ya kulegeza nati. Pulizia kidogo katikati ya vibonye.

Mjomba Petro: ACHA. Usipulize kitu humo. Ndani kuna vitambaa vya sufu, vikinywa mafuta ndiyo basi, vinanata na kushika vumbi.

Mjomba Elias: Mbona cherehani ya Mama nilipulizia ikapona?

Mjomba Petro: Cherehani ni chuma, kaka. Hiki ni mbao na sufu. Neema, hivyo tisa ni vyeupe au vyeusi?

Neema: Vyeupe nane. Cheusi kimoja, kule juu kwenye sauti nyembamba.

Mjomba Petro: Vyeupe vimefuatana?

Neema: Saba vimefuatana, hapa katikati. Cha nane kiko peke yake kwenye besi.

Mjomba Petro: Na vyeusi vilivyo kati ya hivyo saba?

Neema: Vizima kabisa, vinapanda na kushuka.

Mjomba Petro: Basi una magonjwa matatu, si moja. Saba ndiyo rahisi. Uone ule ubao mwembamba mrefu mbele ya vibonye, chini ya vidole vyako. Vyeupe vinafika pale, vyeusi ni vifupi havifiki. Ubao umevimba ukaingia ndani, unasugua pua za vyeupe.

Joni: Shikamoo Mjomba. Mbona Januari nilikipiga vizuri tu?

Mjomba Petro: Marahaba. Januari ni kaskazi, jua kali, mbao inatoa maji. Sasa ni mwezi wa nne, mvua haikatiki na dirisha linatazama bahari. Mbao ikinywa unyevu hairefuki, inatanuka upana. Neema, kile kipima unyevu nilichoacha kinasoma ngapi?

Neema: Asilimia 86

Mjomba Petro: Kinanda kinataka 45, 50 hivi. Hapo kinaogelea.

Mjomba Elias: Aweke bakuli la mchele ndani. Simu yangu ilipona hivyo.

Mama Mdogo Anna: Panya wa Chumbageni wanakushukuru 😂

Mjomba Petro: Neema, toa skrubu za ule ubao, ziko kwa chini, bisibisi inatosha. Kata vipande vya kadi ngumu, weka kimoja nyuma ya ubao kila penye skrubu, urudishie. Ukisogea mbele unene wa kadi tu, vibonye vinapumua.

Neema: Kadi gani?

Mama Mdogo Anna: Nyumba hiyo ikose kadi za michango ya harusi? Kata ya yule aliyetuchangisha mara mbili.

*Saa 8 mchana*

Neema: Vyote saba vimepona!!! 💃 Halafu nyuma ya ubao nimekuta penseli, pini ya nywele na senti hamsini, ile ya sungura.

Mama Mdogo Anna: Jamani. Hiyo ni yangu. Nilipewa ya sadaka nikaificha, ikatumbukia. Nilikuwa darasa la pili.

Bibi: Kumbe

Mjomba Petro: 😂😂 Twende kwa cheusi. Kishike puani ukitikise kushoto na kulia. Kinacheza kidogo?

Neema: Hakichezi hata kidogo.

Mjomba Petro: Sufu imekibana. Kila kibonye kina pini mbili, moja katikati inakibeba, moja mbele inakiongoza, na matundu yake yamezungushiwa sufu. Ondoa mfuniko wa mbele na kibao kinachozuia vibonye, kisha kinyanyue wima. Usikipinde. Ubavuni kimepigwa namba, maana kila kibonye kina kwake. Cha Babu ni cha zamani, vibonye 85, vya siku hizi ni 88.

Neema: Nimekitoa. Ni 79.

Mjomba Petro: Chukua koleo bapa, meno yake uyavishe kipande cha ngozi. Bana sufu ya tundu la mbele dhidi ya ukuta wa mbao, taratibu, upande huu na huu. Rudisha, jaribu. Bado kinabana, fanya tundu la katikati. Ukizidisha, kaskazi ikirudi kitagongagonga kama meno ya bandia.

Bibi: Ya kwangu hayagongi

Mjomba Petro: Samahani Mama 🙏

Neema: Kimepanda! Bado cha besi. Kibonye chenyewe ukikinyanyua kinashuka vizuri, ila ile nyundo ya ndani imebaki imeegemea waya.

Mjomba Petro: Hapo usiguse. Kiungo cha nyundo kina kipini chembamba ndani ya sufu, sufu imevimba. Ukilazimisha, mti wa nyundo unavunjika. Nitapanda basi Alhamisi nije na vipini vyangu.

Mama Mdogo Anna: Si Babu alikuwa anawasha taa humo ndani, chini kabisa? Ya wati 25.

Mjomba Petro: Alikuwa sahihi kwa wakati wake, taa zile zilikuwa na joto. Za siku hizi utawamulikia mende bure. Na hata ile ya zamani ukiiacha mpaka kaskazi inakausha kupita kiasi, mbao inapasuka. Nitaleta fimbo ya joto yenye kidhibiti, unyevu ukishuka inajizima. Kwa sasa funga dirisha la baharini usiku.

Mjomba Elias: Na umeme wa LUKU analipa nani?

Mama Mdogo Anna: Mwenye kopo la dawa ya nati.

Neema: Na kesho ibadani itakuwaje? Mwalimu wa kwaya anakuja jioni hii tupitie hapa, na hiyo Fa ya chini, noti ya hicho cha besi, imo katika kila wimbo.

Bibi: Babu yenu masika yote alikuwa anairuka. Anapiga ya juu yake. Hakuna aliyejua

Mjomba Petro: Mimi nilijua 😄

Mama Mdogo Anna: Neema, niwekee senti yangu.

Neema: Bibi ameshaichukua Mama Mdogo. Anasema kesho inaingia kwenye kapu la sadaka, hata kama haitumiki.