Tundu la makula: gesi, mafuta au asubiri? Mama anaishi Mbeya

Mwana_Rungwe:
Wakuu, habari za jioni. Mama ana miaka 67. Tangu Januari jicho la kulia linamwonyesha mistari imepinda, na akikutazama usoni pua yako haioni. Amepigwa OCT (picha ya nyuma ya jicho) hapa Dar, ikaonekana tundu lililopenya lote kwenye makula, yaani katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Daktari ametupa njia mbili: kutoa ute wa jicho kisha kujaza gesi, au kujaza mafuta ya silikoni. Mama ana ya kwake ya tatu: asubiri, avune maharage kwanza. Yuko kwangu Kimara. Waliopitia haya, hatari iko wapi hasa?

BiTatu:
Pole kwa kuuguza. Mimi niliwekewa gesi. Siku saba kifudifudi, kula hivyo hivyo, kulala hivyo hivyo. Shingo iliniuma kuliko jicho. Mwanzoni huoni kitu, halafu unaona kama maji ndani ya chupa, mstari unashuka kila siku mpaka kinabaki kiduara kinachocheza. Tundu liliziba. Mwaka uliofuata nikapata mtoto wa jicho, nikarudi tena meza ya upasuaji. Hilo sikuambiwa mapema, na bado linaniudhi.

Kibonge_Tanga:
Jirani yangu alifanyiwa, jicho likafa kabisa. Bora asubiri. Kwani sindano za jicho hazipo?

Nesi_wa_Macho:
@Kibonge_Tanga sindano unazosikia ni za makula yenye mishipa inayovuja, au maji yanayotokana na kisukari. Haziwezi kuziba tundu. Na jirani alipasuliwa kwa ugonjwa gani? Wagonjwa wengi wa sukari hufika retina imeshavutwa na makovu, hiyo ni vita nyingine.

@BiTatu mtoto wa jicho baada ya kutolewa ute ni jambo la kawaida kwa waliopita miaka 50, wengi humpata ndani ya miaka miwili. Ulistahili kuambiwa.

Mwana_Rungwe, kwenu swali kubwa ni mlima Kitonga, njiani kwenda Mbeya. Gesi hutanuka ukipanda juu. Ndege ni marufuku kabisa, na Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo hata basi ni hatari: presha ya jicho inapanda, damu haifiki kwenye retina, mtu anapofuka njiani. Gesi ya SF6 huisha wiki mbili hadi tatu, C3F8 hukaribia miezi miwili. Muulizeni daktari atatumia ipi. Na ikitokea anahitaji nusu kaputi kwa ugonjwa mwingine, aseme ana gesi jichoni. Ipo gesi ya usingizi inayoitanua vilevile.

Mafuta hayatanuki, anaweza kusafiri. Lakini lazima yatolewe kwa upasuaji wa pili, na yakikaa sana huweza kupandisha presha na kuharibu kioo cha jicho. Kwa tundu la kawaida gesi ndiyo huanza.

Kote kuwili, wachache kwa mia hubanduka retina. Maambukizi ndani ya jicho ni nadra, ila yakija huja kwa kasi. Akiona pazia jeusi pembeni, au jicho likauma na kuwa jekundu, hospitali siku hiyo hiyo.

Kusubiri? Tundu lililopenya lote ni mara chache lijizibe, na kadiri linavyokaa ndivyo linavyopanuka. Ripoti inasema upana wake ni mikroni ngapi (elfu moja ni milimita moja)?

Mwana_Rungwe:
Imeandikwa 350.

Nesi_wa_Macho:
Bado si kubwa. Chini ya 400, zaidi ya tisa katika kumi huziba kwa upasuaji wa kwanza. Kuziba na kuona ni vitu viwili lakini. Kuona hurudi polepole, miezi, na si lazima kurudi kote.

BiTatu:
Tafuteni meza fupi na mto wenye shimo katikati. Redio iwe karibu, siku ni ndefu mno.

Mwana_Rungwe:
Ahsanteni sana. Nimemsomea mama yote. Gesi amekubali, kukaa Dar mpaka iishe amekubali kwa shingo upande. Sasa ugomvi ni nani atalisha kuku.