Nina miaka 50, kazi nzuri, lakini sina rafiki. Nishaurini

Wa Milimani: Wadau, habari za jioni. Niko Kisumu. Kazini nimefika umeneja, nyumba nimejenga, watoto wako chuo kikuu. Lakini nikipatwa na jambo, liwe la furaha au la uchungu, sina wa kumpigia. Simu zinazoingia ni za kazi na za michango. Kuna wazee wa ufuo wa Dunga, hapa ziwani, ninaokaa nao jioni tukishona nyavu za omena, wale dagaa wa ziwa, na hapo ndipo moyo hutulia. Je, mtu wa umri huu anaweza kuanza maisha upya?

Fundi Kondele: Pole ndugu. Nilipofunga gereji yangu ya kwanza wateja wote walipotea, nikabaki na jirani mmoja tu, naye alikuwa akinidai!

Mwalimu Mstaafu: Rudi kanisani. Kwaya ya wazee ina nafasi siku zote.

NyarKadibo: "Kuanza upya" kivipi? Umetaja kila kitu ila unachotaka kufanya. Unaacha kazi?

Wa Milimani: Ombi la kustaafu mapema nimeshapeleka. Pia nimemlipa fundi wa mashua malipo ya kwanza. Mama watoto sijamwambia, nangoja wakati mzuri. Msinihukumu. Miaka yote hata matangani nafika, natoa bahasha, naondoka kabla chai haijapoa. Nimechoka kuishi hivyo.

NyarKadibo: Wakati mzuri ulikuwa kabla ya barua! Na ujue, mfuko wa pensheni wa kampuni hukupa theluthi tu kwa mkupuo, iliyobaki unalipwa kidogo kidogo. Mama watoto anapanga karo akitegemea mshahara wako.

Mpita Njia: Hadithi ya kutunga hii. Uvuvi wa omena hufungwa Aprili hadi mwisho wa Julai. Sasa ni Juni, nyavu za nini?

Wa Milimani: Ndiyo maana nikasema tunashona. Ziwa likifungwa ndipo nyavu hutengenezwa. Ule wavu ni laini, unanasa hata kifungo cha shati. Mzee mmoja huukaza kwa kidole gumba cha mguu, mimi napitisha sindano. Nikifunga fundo vibaya analifumua, hasemi neno, ananirudishia uzi. Pale hakuna anayeniita meneja.

Mpita Njia: Basi nimekuamini, na sasa ndipo nina wasiwasi. Mashua ikiwa yako, kila asubuhi mgao wa mwenye mashua unatolewa kwanza, wavuvi wanagawana uliobaki. Utakuwa tajiri wao. Nani atafumua fundo la tajiri?

Wa Milimani: Itakuwa yetu sote. Nataka iwe zawadi.

Mpita Njia: Umewauliza?

Wa Milimani: Bado.

Fundi Kondele: Omera, ndugu yangu, fundi wa mashua ni mtu, mwombe asimamishe kazi kidogo. Mbao haziozi kwa wiki mbili.

Mwalimu Mstaafu: Samahani niulize. Hapo mnaposhona, asiyejua kushona anaweza kuja? Niko Nyamasaria. Tangu mke wangu afariki, ile kwaya niliyoisifu sijaikanyaga.

Wa Milimani: Njoo kesho, Mwalimu, saa kumi na moja. Ukifika ufuoni uliza wanaoshona nyavu.

NyarKadibo: Mwalimu, nenda. Na wewe, Milimani, kesho ni mbali. Zungumza na mama watoto usiku huu.