Mtoto wa miaka miwili ni wa ofisi gani?

Mlezi, Nyalenda, Kisumu: Ninalea watoto kumi na mmoja kwangu, mama zao wakiwa sokoni Kibuye. Mwaka huu nimekaguliwa choo, nikadaiwa kibali, lakini hakuna aliyeuliza watoto wanashinda wakifanya nini. Ofisi ya kwanza, ya elimu, iliniambia wao huanzia PP1, darasa la kwanza la chekechea, miaka minne. Ya pili, ya afya, ikauliza kama kuna chanjo iliyobaki. Ya tatu, ya watoto, ilitaka kwanza mtoto awe amepigwa! Na Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeikabidhi kaunti chekechea, vituo vya kulelea watoto na zahanati. Mwenye nyumba ni mmoja, vyumba havisalimiani. Mimi nasema afya ishike usukani hadi miaka minne. Nani anapinga?

Mwalimu wa PP1, Nakuru: Mimi, dada. Afya wakimchukua, mtoto atakuwa kilo na sentimita tu. Kila Januari napokea watoto wenye kadi safi ya chanjo ambao hawajawahi kusimuliwa hata hadithi ya sungura. Lakini pia usidhani kuwa na wakubwa wengi ni dawa. Sisi TSC, tume ya walimu ya taifa, hutusajili, kaunti hutuajiri. Ukiuliza mshahara unarushwa kama mpira.

Mhudumu wa afya ya jamii, Siaya: Mwalimu, hizo kilo unazozidharau ndizo hutufungulia milango. Ila nakubali jambo moja: hata sisi mtoto hutuponyoka. Chanjo ya pili ya surua ni miezi 18, na baada ya hapo kijitabu cha mama na mtoto kinaingia chini ya godoro, ingawa vitamini A hutolewa kila miezi sita hadi miaka mitano. Huyo mtoto aliyetuponyoka yuko wapi? Yuko kwa mlezi kama wewe. Basi nije kwako na utepe wa kupima mkono, na nikiwa hapo nitazame wanavyocheza na kuzungumza. Sikatai kazi. Nakataa kujaza fomu ya afya, ya elimu na ya watoto kwa mtoto yule yule.

Mlezi, Nyalenda: Karibu, hata kesho. Fomu moja naiunga mkono. Lakini hata idara zote tatu zikikaa meza moja, nauliza kama mpishi: uji wa saa nne utaandikwa kwenye bajeti ya nani? Mwalimu, elimu wataulipia kabla ya PP1?

Mwalimu wa PP1, Nakuru: Hata wa PP1 wangu huchangiwa na wazazi.