Saiti ya SharePoint inagoma kufutwa, sera ya uhifadhi imeishikilia

Juma_Mifumo:
Wakuu, habari za kazi. Nina saiti tatu za SharePoint (huduma ya Microsoft ya kutunza nyaraka za kampuni) za miradi iliyokwisha, zinakula nafasi bure. Nikizifuta kwenye kituo cha usimamizi naambiwa kuna sera inayozuia, na amri ya PowerShell ya kufuta saiti, Remove-SPOSite, nayo inagoma vilevile. Ruhusa ninazo, mimi ni Global Administrator. Kwenye Purview (sehemu ya Microsoft ya kusimamia sera za uhifadhi) tuna sera moja tu, "Miaka 7", inayoshika saiti zote. Je, niizime nusu saa, nifute, kisha niiwashe? Saiti mbili ni za mawasiliano, ya tatu ilizaliwa na Teams.

Fundi_Wingu:
Mkuu, usiizime kabisa. Ukiizima unaachia saiti zote za kampuni kwa mpigo, na haraka unayoitafuta huipati: sera ikiondolewa, SharePoint huendelea kushikilia faili kwa siku 30 za tahadhari. Ukiitaja saiti moja moja kuwa nje ya sera, siku hizo 30 hazipo. Kwa hiyo njia salama ndiyo pia njia fupi.

Ila pima uzito wake kwanza. Faili zilizofutwa na watumiaji zimelala kwenye Preservation Hold Library (maktaba iliyofichwa) ya saiti hiyo, na kazi ya kuzifagia hupita kila baada ya siku 7. Ongeza /PreservationHoldLibrary mwishoni mwa anwani ya saiti, ingia, angalia kilichomo, nakili kinachohitajika. Ukishaitoa saiti kwenye sera, hesabu kwamba kinga yake imekwisha.

Kisha fungua PowerShell:

`Connect-IPPSSession`
`Set-RetentionCompliancePolicy -Identity "Miaka 7" -AddSharePointLocationException "https://mfano.sharepoint.com/sites/mradi-a"`

Nakili anwani kutoka kituo cha usimamizi, usiiandike kwa kichwa. Herufi moja ikikosewa unahangaika siku nzima. Mabadiliko huweza kuchukua hadi saa 24 kuenea. Fuatilia hivi:

`Get-RetentionCompliancePolicy "Miaka 7" -DistributionDetail | fl Name,DistributionStatus`

Ikisema Success, futa. Ikikwama kwenye Error, endesha Set-RetentionCompliancePolicy na `-RetryDistribution`.

Ile ya Teams ni habari nyingine. Saiti iliyozaliwa na Teams ni ya kundi la Microsoft 365, na haihesabiwi pamoja na za mawasiliano, hivyo hapo utatumia `-AddModernGroupLocationException` na barua pepe ya kundi. Halafu lifute kundi lenyewe, saiti itafuata. Kundi unaweza kulirudisha ndani ya siku 30. Saiti za kawaida hukaa kwenye pipa la saiti zilizofutwa siku 93, labda uzimalize kwa Remove-SPODeletedSite.

Juma_Mifumo:
Asante sana mkuu. Ya kundi na moja ya mawasiliano zimeondoka. Ile nyingine ya mawasiliano bado inagoma, na hali ya sera ni Success tangu jana.

Bi_Kumbukumbu:
Hapo tafuta zuio la kesi, yaani lile linalowekwa kulinda ushahidi wa kesi ya kisheria kupitia eDiscovery. Ukurasa wa Purview wa kutafuta sera kwa anwani ya saiti hauonyeshi mazuio ya eDiscovery, na wengi hukwamia hapo. Iulize saiti yenyewe:

`Invoke-HoldRemovalAction -Action GetHolds -SharePointLocation "https://mfano.sharepoint.com/sites/mradi-b"`

Utapata kitambulisho cha kila zuio. Kilinganishe na orodha ya `Get-CaseHoldPolicy -Case` kwa kila kesi unayoiona kwenye `Get-ComplianceCase`. Kikiwa cha kesi iliyo hai, simama hapo hapo. Mwanasheria wa kampuni ndiye wa kuamua, kwa maandishi, maana kufuta ushahidi ni kosa lisilorudishwa na amri yoyote. Kikiwa cha sera iliyokwisha kufutwa ambayo imeacha mabaki tu, rudia amri hiyo kwa `-Action RemoveHold` na `-HoldId`.

Fundi_Wingu:
Nyongeza kwa watakaopita hapa baadaye. Kabla ya kuanza, tazama `RestrictiveRetention` ya sera. Ikiwa True, sera imefungwa kwa kufuli la kudumu: unaweza kuongeza saiti, huwezi kutoa hata moja, na msimamizi mwenye cheo chochote hawezi kuifungua. Subiri muda uishe. Kwa sasa zuia watu wasiingie kwa `Set-SPOSite -LockState NoAccess`, ukijua nafasi haitarudi.

Sera zinazotumia wigo unaojibadilisha (adaptive scope, unaochagua saiti kwa masharti) hazipokei orodha ya walioachwa nje. Huko unabadilisha masharti ya wigo hadi saiti isiingie tena. Na sera ya kawaida inapokea saiti 100 tu za kuachwa nje, kwa hiyo ukimaliza kufuta ondoa zile anwani kwa `-RemoveSharePointLocationException`.

Juma_Mifumo:
Bi Kumbukumbu, umegonga penyewe. Ni zuio la kesi, na kesi bado iko wazi. Nimempelekea mwanasheria, saiti nimeifunga kwa NoAccess hadi atakapojibu.