Jamaa wa Langoni: Safari ya Umra

Zuhura: Assalaam alaykum. Nafasi za ndege nimezishikilia hadi kesho jioni. Tutaondoka Manda, uwanja wetu wa Lamu, Jumanne saa nane mchana, tutue Wilson, Nairobi, kisha usiku huo huo tupande ya Jeddah pale Jomo Kenyatta. Kila mmoja anitumie jina lake kama lilivyo katika pasipoti.

Zuhura: Naona mmesoma nyote, wala hapana aliyejibu.

Fumo: Shangazi, jina langu si mwalijua tangu nizaliwe?

Zuhura: Pasipoti hailijui hilo la Fumo.

Swaleh: Shangazi, mpango wa siku moja unanitia wasiwasi. Tiketi ni mbili, za mashirika mawili yasiyohusiana, kwa hivyo ya Manda ikichelewa, shirika la pili litatuhesabu kuwa hatukutokea, na nauli itakuwa imekwenda. Tena Wilson na Jomo Kenyatta ni viwanja viwili mbalimbali; itabidi tuchukue mizigo yetu na kukata mji jioni, wakati magari hayasogei.

Zuhura: Abiria aliyelipa ana haki ya kutarajia saa iliyoandikwa kwenye tiketi yake.

Swaleh: Kutarajia ana haki. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya imeuridhia, unamruhusu msafiri wa kimataifa kudai hasara iliyotokana na kucheleweshwa, ila shirika likithibitisha kwamba lilifanya kila liwezekanalo kuizuia, halilipi. Sasa sisi tutamdai nini mwenye ndege ya Jeddah, ikiwa yake imeruka kwa wakati?

Mwanaisha: Samahanini, Bibi anauliza kama chupa ya achari ataishika mkononi.

Fumo: Achari ile ya pilipili? Askari wa uwanja wakiifungua, uwanja mzima utahamwa.

Zuhura: Iwekwe katika sanduku, ifungwe vizuri. Tangu njama ile ya London ya 2006 ya kulipua ndege kwa vimiminika, viwanja vingi havipitishi mkononi chombo cha kimiminika kinachozidi mililita 100. Fumo, jina!

Swaleh: Mimi naona twende Jumatatu, tulale Nairobi.

Zuhura: Tulale wapi? Kwa Athmani, baada ya yale ya Pangani?

*Jumamosi asubuhi*

Athmani: Wa alaykumu salaam. Ujumbe nimeuona sasa. Funguo za nyumba ya Pangani nilimwachia mlinzi, kama nilivyosema siku ile na kama ninavyosema leo.

Zuhura: Mlinzi hakuwa na funguo, kaka, na marehemu Baba alikaa ngazini mpaka saa sita usiku akiwa na homa.

Fumo: Afadhali ngazi kuliko kiti cha katikati cha ndege.

Mwanaisha: Bibi amesema niandike maneno yake kama alivyoyatamka: «Zuhura, siendi kwa Mwenyezi Mungu na wanangu wawili wasiosemezana. Nitalala kwa Athmani. Magoti yangu hayawezi kukimbizwa kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, na hao wa ndege waambiwe mapema kwamba nahitaji kiti cha magurudumu, nisije nikasimamishwa mlangoni kama mzigo.»

Athmani: Karibu sana, Mama.

Zuhura: Nimesikia, Mama. Kiti nitakiombea leo, na nitauliza kama nafasi za Jumatatu zipo, ingawa huenda nauli ikaongezeka, na sijui nani ataibeba hiyo nyongeza. Majina niliyo nayo ni ya Swaleh na Mwanaisha tu.

Swaleh: Nyongeza tuigawane.

Fumo: Jumatatu nina wageni wa mashua Shela, na nimekwisha kupokea arbuni. Je, mimi naweza kuwafuata Jumanne?