Kukompaili glibc 2.31 kwenye CentOS 7: zana zipi zinahitajika, na isakinishwe wapi?

Swali

Wakuu, ninatunza seva ya CentOS 7 ambayo kwa sasa haiwezi kuhamishwa. Programu mpya tuliyoletewa inakataa kuanza, ikidai GLIBC_2.28 (yaani toleo la 2.28 la glibc, maktaba ya msingi ya C ambayo programu hutegemea), ilhali mfumo una 2.17. Nimepakua msimbo wa chanzo wa glibc 2.31, lakini skripti ya configure (inayokagua mfumo kabla ya kukompaili) inakoma ikisema kwamba make, bison, kompaila na python ama hazipo ama ni za zamani mno. Nianze na ipi? Na je, ni salama kuweka --prefix=/usr, yaani kuisakinisha kwenye folda ya mfumo, ili programu zote zinufaike?

Jibu la 1

Ndugu, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kukupotezea seva: usitumie /usr kabisa. Karibu kila programu iliyomo humo, kuanzia ls na bash hadi yum (kisakinishi cha vifurushi), inategemea glibc, na usakinishaji ukikatika njiani, faili mpya zikachanganyika na za zamani, hutabaki na amri ya kurekebishia. Weka --prefix=/opt/glibc-2.31, na toleo la mfumo uliache lilivyo.

Kuhusu zana, glibc 2.31 inataka GCC 6.2 au zaidi, nawe una 4.8.5, inataka make 4.0, na ya mfumo ni 3.82, inataka Python 3.4, ilhali inayokuja na mfumo ni 2.7. Bison ipo kwenye hifadhi ya vifurushi, ila ni lazima uisakinishe mwenyewe. Binutils (zana za kuunganisha msimbo uliokompailiwa) uliyo nayo inatosha, na keneli (kiini cha mfumo) 3.10 pia, kwa kuwa kiwango cha chini ni 3.2. Sikushauri ukompaili GCC kwa mkono wakati devtoolset-9, mkusanyiko wa zana mpya zinazosakinishwa kando, inakupa GCC 9 ndani ya shell moja tu, bila kugusa ile ya mfumo. Kumbuka kwamba huduma kwa CentOS 7 ilikoma tarehe 30 Juni 2024, hivyo yum ielekezwe kwenye vault.centos.org, hifadhi ya vifurushi vya zamani, la sivyo haitapata kifurushi chochote.

Jibu la 2

Naongezea yanayowakwamisha wengi hata baada ya zana kutimia. Configure haikubali kuendeshwa ndani ya folda ya msimbo wa chanzo, kwa hiyo tengeneza folda nyingine na uiite kutoka humo. Usiondoe -O2 kwenye CFLAGS (chaguo zinazopewa kompaila), kwani glibc haikompailiki bila uboreshaji wa msimbo. LD_LIBRARY_PATH, kigezo cha mazingira kinachoorodhesha folda za kutafutia maktaba, nayo isiwe na folda uliyomo. Nukta mbili zilizofuatana bila kitu katikati yake huhesabiwa kuwa ni folda hiyo hiyo, na kosa hilo halionekani kwa urahisi. Endesha make check (majaribio ya glibc) kabla ya make install, hata kama inachukua muda mrefu.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Imekompailika na kusakinishwa chini ya /opt. Hata hivyo, nilipoweka LD_LIBRARY_PATH kuelekea huko, hata ls ilianguka.

Jibu la 1

Hilo lilitarajiwa. Kipakiaji kinachoanzisha programu na kuziletea maktaba, yaani ld-linux-x86-64.so.2, na libc.so.6 ni lazima vitoke kwenye toleo moja, nawe umelazimisha kipakiaji cha 2.17 kisome libc ya 2.31. Futa kigezo hicho, kisha uanzishe programu hiyo peke yake kupitia kipakiaji kipya:

/opt/glibc-2.31/lib/ld-linux-x86-64.so.2 --library-path /opt/glibc-2.31/lib:/lib64 ./programu

Ikiwa imeandikwa kwa C++, huenda sasa ikadai toleo jipya zaidi la GLIBCXX, yaani la libstdc++, maktaba ya msingi ya C++. Libstdc++ ya CentOS 7 inaishia GLIBCXX_3.4.19, na devtoolset haileti faili mpya ya libstdc++.so, bali huunganisha sehemu zinazokosekana ndani ya programu unayoikompaili mwenyewe. Kwa programu mliyoletewa ikiwa tayari imekompailiwa, hilo halisaidii.

Jibu la 3

Ikifikia hapo, mimi ningeiendesha ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa yenye maktaba zake) ya Debian 10, ambayo ina glibc 2.28 pamoja na libstdc++ inayolingana nayo, huku ikitumia keneli ile ile ya seva. Siku seva itakapohamishika, AlmaLinux 8, mfumo wa jamii ile ile ya CentOS, nayo ina 2.28, na hapo hutalazimika kukompaili chochote.